Neno Nililokusomea

Jumapili, mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na wanangu wawili, na kwamba lile goti limepungua kuuma tangu ulipoacha kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji kuwapima watu. Najua hujaacha. Mimi huku sijambo mwilini, nakula, naamka, naenda kazini, ila tangu Jumatano kuna kitu kimenikaa kifuani, hakipandi wala hakishuki.

Utashangaa kupata bahasha, tena nene hivi, wakati juzijuzi tu tumeongea kwa simu mpaka sikio likapata moto. Nimechagua barua kwa sababu nakujua. Kwenye simu nikianza kusitasita utanikatiza, utaniambia yameisha mdogo wangu, kabla hata hujajua ni yapi hayo yaliyoisha. Ndivyo ulivyonilea. Safari hii nataka yafike yote, hata yale ambayo ningependa yabaki njiani.

Kesho nitampa dereva wetu wa gari la vitabu, maana Jumanne anapita kwenu akipeleka vitabu vya shule. Nitamwambia asimwachie mlinzi getini. Aingie mpaka karakana, aulize fundi wa miguu, akukabidhi mkononi. Ni mtu wa maneno mengi lakini kitu cha mtu hakipotezi.

Jumatano uliniambia habari kubwa kwa sauti ya mtu anayesema leo kumenyesha. Ulisema Mganga Mkuu wa hospitali alikuita ofisini, akakukaribisha kiti, akakwambia mkuu wa karakana ya viungo bandia anahamishwa, na kwamba kila aliyeulizwa nani ashike nafasi yake alikutaja wewe. Ukasema ulimshukuru, ukamwambia hapana, huwezi. Akakusihi usijibu haraka, ukafikirie mpaka Ijumaa hii inayokuja. Halafu ukanichekea: "Hebu fikiria, fundi wa kiwango kidogo akalie kile kiti." Na mimi nikacheka. Tulipoagana nilikaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, nikashindwa hata kuwasha taa. Miaka ishirini na moja nimekusikia ukijiita hivyo, na kila mara nimecheka.

Siku iliyofuata, Alhamisi, nikaenda kazini kama kawaida. Kama ujuavyo, huu ni mwaka wa pili tunatengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule. Tuko wanne katika chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vyombo vya umeme, na mteja akijaribu redio huko chini sisi huku juu tunaacha kufikiri. Yupo Mhariri Mkuu, tunayemwita Nukta, kwa sababu anaweza kukurudishia kurasa kumi kwa ajili ya nukta moja iliyopotea. Yupo Mwalimu, mstaafu, aliyefundisha Kiingereza miaka mingi kiasi kwamba hata akikuuliza saa ngapi unajiona uko kwenye mtihani. Yupo Mama Mapacha anayepiga chapa. Na mimi. Herufi tumegawana, na mimi nimeangukiwa na M. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, nikafika kwenye neno "modest".

Wewe neno hilo limekufikia siku moja tu maishani, kupitia kinywa changu. Nitalifikia hilo.

Kazi yetu inakwenda hivi: neno gumu linasomwa kwa sauti, na kila mtu anatoa alilonalo. Nikalisoma. Mama Mapacha akasema bila kuinua macho kwamba hilo ni la mavazi, nguo ya heshima, isiyombana mtu wala kumwanika, na ndivyo lilivyoandikwa kwenye tangazo la duka anakonunulia magauni. Mwalimu akasema hilo la mavazi lipo, lakini kwanza ni neno la kiasi: nyumba ya kawaida, kipato kidogo, mafanikio ya wastani. Wanafunzi hukutana nalo hivyo vitabuni, kwa hiyo maana hiyo ndiyo itangulie. Dereva, aliyekuwa amepanda kuchukua maboksi, akauliza kama na mtu anaweza kuitwa hivyo. Mwalimu akamjibu kwamba anaweza, ni mtu asiyejivuna, asiyejikweza. Dereva akasema basi huyo ni yeye, mtaa mzima hakuna anayemfikia kwa kutojivuna, na kama yupo anayebisha ajitokeze washindanishwe. Tulicheka sana. Hata Nukta alicheka, naye hucheka kwa zamu.

Kisha Nukta akasema tukae vizuri na hiyo maana ya mtu, kwa sababu hatuna neno moja linaloienea. Unyenyekevu, alisema, unataka kuwe na mkubwa mbele yako. Haya inataka kuwe na macho yanayokutazama. Staha ni namna unavyokaa na watu. Lakini neno hili mtu anaweza kuwa nalo akiwa peke yake chumbani, ameimaliza kazi yake, anaona kabisa kwamba imetoka vizuri, na bado haoni sababu ya kutoka nje kuitangaza. Aliposema hivyo nilikuona wewe, dada, umekaa kwenye kile kigoda chako na mguu bandia wa mtu mapajani, unapitisha kidole gumba ndani yake taratibu, unatafuta mahali patakapomchubua.

Nukta akanigeukia mimi mwenye M, akaniuliza maana ipi iandikwe ya kwanza. Akasema nisichukulie mchezo, kwa sababu mtoto akifungua kamusi husoma ya kwanza, akafunga, akaenda zake. Hiyo ndiyo anayoondoka nayo. Mwalimu akarudia kwamba ianze ile ya kidogo, ya wastani. Nami nikampandishia sauti. Nilimwambia mzee wa watu kwamba maana hiyo imeshaharibu vya kutosha, na akitaka itangulie aiandike yeye kwa mkono wake.  Mwalimu akavua miwani akanitazama, wala hakukasirika, alinitazama kama mwanafunzi aliyeanguka katikati ya darasa.

Nukta akanitoa nje, tukasimama kwenye ngazi, akaniuliza neno lile limenifanya nini. Nikamweleza. Ndiye mtu wa kwanza kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, asinikatize, akauliza kitu kimoja tu: "Na mwenyewe anajua?" Nikasema hapana. Akaniambia nichukue mkoba wangu niende nyumbani, nirudi nikishaandika, na hakuwa anazungumzia kamusi.

Kwa hiyo turudi nyuma, dada, kwenye nyumba yetu ile ya vyumba viwili, wakati Mama alikuwa ametimiza mwaka tangu apigwe na kiharusi. Unaukumbuka wakati huo kuliko mimi, lakini niache nisimulie, nataka ujue ulivyoonekana kwa macho yangu. Ulikuwa na miaka ishirini na minne. Kila siku uliamka alfajiri, ukamwinua Mama kwa kumkumbatia kama mnacheza dansi, ukamwogesha, ukamlisha, ukamgeuza upande wa dirisha, ukanikagua kola ya shati la shule, ndipo ukatembea kwenda hospitali. Pale karakana uliingia kama mfagiaji. Yule mgeni mkuu wa karakana, tuliyemwita Mzee wa Plasta kwa sababu hata akivaa suti nyusi zake zilibaki na unga mweupe, alikukuta siku moja umeacha ufagio unatazama anavyochonga, akakupa kisu. Kiswahili chake kilikuwa cha kazi tu: shika, kata, polepole, tena. Kwa maneno hayo manne akakufundisha miaka sita.

Kuna siku nilikuja kukuletea ufunguo uliousahau. Nilimkuta dereva wa lori, mwanamume mzima mwenye kifua, amesimama kati ya vile vyuma viwili vya kujishikilia, na mguu wako mpya umefungwa chini ya goti lake. Alikuwa ameachia vyuma. Alikuwa analia, akisema hauumi, hauumi jamani. Watu wakaanza kupiga makofi. Nikakutafuta ulipo nikaona umeshageuka unanawa mikono kwenye sinki, mgongo umewapa wote. Ulipotoka uliniambia tu kwamba kisigino bado hakijakaa sawa.

Basi Mzee wa Plasta akafikia kustaafu, arudi kwao. Kabla hajaondoka akakuletea fomu ya kile chuo cha ng'ambo kinachofundisha kazi hiyo, masomo ya miaka miwili, na kulikuwa na usaili na barua ya mapendekezo kutoka kwa mkubwa wako. Siku yake ya mwisho akakupa barua yenyewe, haikufungwa kwa gundi. Akakwambia: "Peleka. Usiogope." Kesho yake akapanda ndege. Kwa hiyo hapakuwa na wa kumrudia kumuuliza alimaanisha nini.

Ulifika nyumbani ukanawa mikono mara mbili, ukakaa kando ya kitanda cha Mama, ukanipa niisome. Nilikuwa kidato cha tatu na ndiye pekee mwenye Kiingereza pale ndani, na niseme ukweli, nilikuwa nakionea fahari. Majirani walikuwa wananiletea maboksi ya dawa niwasomee. Barua ilikuwa fupi, mistari sita, na lile neno "modest" lilikuwamo mara mbili. Mimi nilikuwa nimekutana nalo mara moja tu, kwenye kitabu cha ufahamu, katika habari ya familia iliyoishi kwenye nyumba ya namna hiyo, na maana tuliyoandikiwa ubaoni ilikuwa ndogo, ya hali ya chini. Basi nikakusomea hivi. Sijasahau hata neno:

"Amefanya kazi chini yangu miaka sita. Ni fundi wa kiwango kidogo, mdogo kuliko wote niliowahi kuwajua kwa miaka thelathini na moja. Msitegemee kwamba ataweza kujieleza mbele yenu. Anachokijua hakukipata kwangu. Tafadhali tazameni kazi yake wenyewe, ndipo muamue. Naondoka na masikitiko juu yake."

 Uliweka mikono magotini, viganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa. Kutoka kitandani Mama akajikaza, na kwa ule mdomo wake uliopinda, ilimchukua muda mrefu, akasema: "Soma tena." Nikasoma tena, yaleyale. Mama akatikisa kichwa akageukia ukutani. Wewe ukasema Mzee ni mtu mkweli, miaka sita hajakudanganya hata kwenye kipimo cha kidole, hawezi kuanza uongo kwenye karatasi. Ukaikunja barua mara nne ukanirudishia. Ukasema mwandiko wake ni mzuri, nikae nayo nijifunzie Kiingereza. Kisha ukasimama kumgeuza Mama.

Fomu hukuirudisha. Hukulia, au hukulia tukaona. Ulirudi karakana na kufanya kazi vilevile, ila ukaanza kujiita kwa lile jina, kwa kucheka, na sisi wote tukalizoea kama tunavyozoea mtu kuitwa Mfupi. Walipotaka uwafundishe wanafunzi wa mazoezi ulisema wewe utawaonyesha tu, mwalimu awe mwingine. Wawili uliowaonyesha hivyo walikwenda chuo kilekile, wakarudi wakawa wakubwa wako kwa zamu, na wewe uliwapokea kwa furaha ya kweli, tena ukawa unarekebisha kazi zao kimya kimya kabla wagonjwa hawajaja. Watu wanakusifu kwamba hujikwezi. Shemeji aliniambia siku ya harusi yenu kwamba hicho ndicho alichokupendea. Nami hujiuliza, dada. Kuna mtu asiyejikweza, na kuna mtu aliyeambiwa akae chini akakaa. Kwa nje wanafanana kabisa. Wewe uligeuka kunawa mikono kabla ya ile barua, kwa hiyo la kwanza lilikuwa lako tangu zamani. Lakini hilo la pili nililiweka mimi, na sasa yameshikana kiasi kwamba sijui mtu atayatenganishaje.

Barua ya Mzee ninayo. Nimehama nayo vyumba vitano. Ijumaa nilikaa nayo kutwa nzima mezani, nikaitafsiri kama ninavyotafsiri mkataba wa mtu, neno kwa neno, nikilihoji kila moja. Hiki ndicho alichoandika:

"Amefanya kazi chini yangu miaka sita. Ni fundi asiyejikweza, asiyejikweza kuliko wote niliowahi kuwajua kwa miaka thelathini na moja. Msitegemee kwamba atajisifia mbele yenu. Anachokijua hakukipata kwangu. Tafadhali tazameni kazi yake wenyewe, ndipo muamue. Naondoka, na kumwacha kunaniuma."

Ni mistari ileile sita. Neno moja likikaa vibaya, yanayolifuata yote hugeuka kulielekea. Nilipoamini kwamba amekudharau, kila sentensi ikawa onyo. Kumbe mzee alijua wazi kwamba wakikuuliza unaweza nini utasema unajaribujaribu, akawa anawawahi mapema wasije wakakuamini.

Mpaka hapa, dada, najua unatikisa kichwa, unasema alikuwa mtoto, atajuaje. Na mimi ningeweza kuishia hapa, nikuage, nipate msamaha kwa wepesi. Barua ya namna hiyo niliiandika jana, ikaishia hapahapa, nikaisoma mara mbili, nikaichana. Kwa sababu si kweli kwamba nilikuja kujua nikiwa mtu mzima.

Nilijua siku ya tatu.

Niliipeleka barua shuleni, kama ulivyosema nijifunzie, nikamwonyesha mwalimu wetu wa Kiingereza, nikitaka anisifu kwa kuweza kusoma mwandiko wa kuunganisha. Aliisoma amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Akaniuliza anayezungumziwa ni nani. Nikasema ni dada yangu. Akasema nina bahati ya kuishi na mtu kama huyo. Nikamwambia lakini mbona amemwita mdogo. Akacheka, akachukua daftari langu, akaniandikia lile neno na maana zake tatu, moja chini ya nyingine, akaweka mstari chini ya ile ya mtu asiyejikweza. Fomu yako ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nakuapia dada, nilikuwa nakimbia nije nikwambie. Nikafika mlangoni nikasikia sauti ya shangazi. Alikuwa amekaa na Mama, anaongea naye kama watu walivyokuwa wanaongea naye siku zile, kana kwamba kiharusi kilimziba na masikio. Alikuwa anasema afadhali lile jambo la safari limekufa, maana ungeondoka wewe, yule mdogo angeacha shule amtunze mgonjwa, hapakuwa na njia nyingine, na yeye shangazi alishakuwa tayari kuja kunitoa. Nilisimama pale na mfuko wa vitabu begani. Sikuingia mpaka alipoaga.

Jioni ulirudi ukaniuliza shule ilikuwaje. Nikasema nzuri.

Siku ya pili nikajiambia kesho. Siku ya tatu tangu nijue nikajiambia dada akishakula. Ikafika siku ya tisa nikaona sasa hata nikisema utauliza mbona hukusema mapema, na hilo nikalifanya sababu. Siku ya mwisho ya fomu ilipopita nilijiandaa kusutwa na dhamiri usiku kucha, lakini nililala, dada. Nililala fofofo kama mtu aliyetua mzigo. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Na nadhani Mama alijua. Yapata mwezi baadaye nilikuwa namlisha, tuko wawili tu, akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akanitazama, akasema kama siku ile, polepole: "Soma tena." Nikajifanya sikuelewa. Nikaleta gazeti, nikamsomea gazeti, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na matangazo ya kazi. Aliachia mkono wangu. Aliishi miaka mitatu zaidi na hakulitaja tena.

Kwa hiyo nilibaki shule, nikamaliza, nikaenda chuo, nikawa mtu wa maneno. Wewe ulinisindikiza kituoni siku ile umebeba godoro langu kichwani, unawaambia abiria wote kwamba mdogo wako anakwenda kusomea lugha. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani nikiwa na ile barua ndani ya daftari. Nilikuwa na njia mbili za kulitazama godoro lile, kama zawadi au kama deni, na nikachagua kutazama mbele.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije nikae mbele yako, useme utakalosema, au usiseme. Ukiona ni mapema mno kuniona, mpe dereva neno, Alhamisi anageuza kurudi huku, nami nitaelewa, sitakusumbua mpaka uniite.

Ninachoomba ni kingine. Ijumaa Mganga Mkuu anasubiri jibu. Ukitaka kukataa, kataa. Una goti, una watoto, una mambo yako ambayo mimi siyajui, na si lazima kila anayeweza kukalia kiti akikalie. Lakini usikatae kwa ajili ya barua niliyokusomea mimi, kwa sababu barua ile hakuna mtu aliyewahi kuiandika.

Msalimie sana shemeji. Umwonyeshe hii au usimwonyeshe, ni juu yako, mimi sina tena cha kuficha kwake. Wabusu wanangu, mwambie mkubwa kwamba ile kalamu aliyoniagiza nimeipata na ya mdogo pia nimeipata wasije wakagombana. Kesho nitakwenda kumwomba radhi Mwalimu, maskini, ambaye hakunikosea kitu.

Barua ya Mzee iko humu kwenye bahasha, ile yenyewe, na mikunjo yake minne. Nyuma yake nimeweka tafsiri yangu mpya, kwenye karatasi tofauti. Ila dada, safari hii usinichukulie neno langu. Mpe mtu mwingine anayejua Kiingereza akusomee, mtu asiye na cha kupata wala cha kupoteza. Ukiweza, uingie nayo ofisini kwa Mganga Mkuu, uifungue mezani pake, umwombe akusomee kwa sauti, nawe ukae kwenye kiti usikilize mpaka mwisho.

Nakuaga kwa heshima na mapenzi yote,

Mdogo wako,
Kitindamimba